Fundi wa Nyuma ya Pazia

Mashine ya kufulia ya Mama Qais iligoma siku ya sabini na mbili ya eda yake. Ingekuwa na adabu ingengoja hizo siku hamsini na sita zilizobaki, lakini vyombo vya umeme na adabu wapi na wapi! Ilijaza maji vizuri tu. Pipa likashtuka, kut, kut, kut, likasita, halafu likazunguka kwa kasi ya kichaa mpaka bakuli la vibanio vya nguo lililokuwa juu yake likaruka na kumwagika sakafuni. Kisha kimya. Taa nyekundu ikabaki inakonyeza.

Mama Qais, ambaye jina lake hasa ni Fakhria, alisimama katikati ya vibanio akaita kwa hasira, "Humaidi! Njoo uitazame mashine yako!"

Alikwishageuka kumtazama anavyokuja, ndipo akakumbuka kwamba Humaidi ndiye aliyemfia, na kwamba eda yenyewe ni yake. Akakaa sakafuni palepale akalia, kwanza kwa ajili ya mumewe, halafu kwa ajili ya aibu ya kumwita, na mwisho, tuseme ukweli, kwa ajili ya mashuka mawili yaliyolowa na vidole vyake vyenye yabisi visivyoweza kukamua hata kitambaa cha mezani.

Nyumba yao iko nyuma ya soko la Tabora mjini, ya kuta nene na vyumba saba. Siku za msiba hapakuwa na pa kuweka mguu. Watu walilala mpaka varandani, masufuria ya pilau yalikuwa ya kuazima, na kila mtu alimshika mkono akamwambia hatuko mbali. Hitima ya arobaini ilipoisha ndipo akajua kwamba walikuwa mbali. Mwanawe Qais alirudi Maskati kazini. Wifi yake, Bi Asmahani, akawa anakuja kila Ijumaa na chakula chake na maonyo yake. Siku nyingine sita Mama Qais alikaa na saa ya ukutani.

Alimpigia Qais simu kumweleza habari ya mashine. Qais akamwambia anunue mpya, halafu akamwambia asinunue kwa sababu eda ikiisha atamhamishia Maskati, halafu akasema ana mkutano. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Akampigia Bi Asmahani.

"Fundi mwanamume haingii nyumba yenye mjane wa eda," Bi Asmahani akasema hata kabla hajaulizwa. "Miezi minne na siku kumi, mwenzangu. Mashine itangoja."

"Na nguo zangu nazo zingoje?"

"Nitazichukua Ijumaa, nikazifue kwangu."

"Nguo zangu za ndani, Asmahani? Mimi bado hai."

Walibishana mpaka salio likakaribia kwisha. Mwisho Bi Asmahani akatoa hukumu. Chumba cha kufulia kina mlango wa nyuma unaotokea kichochoroni. Mlango ufunguliwe, pazia zito la sebuleni litundikwe hapo, fundi akae nje kichochoroni mbele ya macho ya kila apitaye, na Mama Qais akae ndani na mashine. Fundi atasema, yeye atafanya. Mkono wa fundi usiingie wala macho yake yasiingie.

"Kwa hiyo fundi ni mimi," akasema Mama Qais.

"Ukubwa jalala," akajibu wifi yake.

Fundi aliyepatikana ni Mzee Modest wa Isevya, Mnyamwezi wa makamo ya sabini, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana za reli kabla ya kufungua kibanda chake cha kutengeneza friji, pasi na kila chenye waya. Alikuja asubuhi saa nne na kigoda chake, akapiga hodi kwenye pazia.

"Karibu," Mama Qais akasema. "Yaani, karibu hapo hapo. Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Qais. Pole na msiba." Akasikika anakaa. "Nimeelezwa masharti. Sasa sikiliza. Mimi macho yangu nimeyaacha nyumbani leo. Macho ni wewe, mikono ni wewe. Mimi nimekuja na masikio na mdomo tu. Tukielewana, mashine itapona. Tusipoelewana, utapigwa na umeme, na Bi Asmahani ataninyonga. Kwa hiyo la kwanza: chomoa mashine ukutani."

Akachomoa. Siku hiyo ya kwanza walitoa maji, wakafungua bati la nyuma, wakavua mkanda. Bisibisi na spana zilipita chini ya pazia juu ya sinia, na sinia likarudi na kikombe cha kahawa. Bi Asmahani alikuwepo, amekaa kwenye kiti kuchunga heshima, na kabla mkanda haujatoka alikuwa amelala mdomo wazi.

"Zungusha mota kwa mkono," akasema Mzee Modest. "Taratibu. Inakwaruza?"

"Haikwaruzi. Inateleza."

"Naisikia. Mota yako nzima, mama, kijana mzuri kabisa. Kaboni zake?"

Mama Qais akavichomoa vile vipande vyeusi viwili akavitia kwenye sinia. Akasikia kicheko upande wa pili. "Hizi zitaishi kuliko mimi. Shika, zirudishe. Basi, ugonjwa uko kwenye sensa."

"Ya kuhesabu watu?"

"Ya kuhesabu mizunguko! Tazama mkiani mwa mota. Kuna kitu cha mviringo, kadiri ya kizibo cha chupa, kina nyaya mbili nyembamba. Umekiona? Mota ikizunguka, hicho kinapeleka habari kwenye ubongo wa mashine: tunakwenda mwendo huu. Habari isipofika, ubongo haujui kama mota inakwenda au imesimama. Utaisukuma kidogo, utaisukuma sana, kisha utaogopa na kuzima kila kitu. Hakuna kilichokufa humo ndani. Ni habari tu haifiki."

Akampitishia mita yake ya kupimia umeme, ya manjano, imefungwa kwa utepe mweusi kiunoni. Akamwelekeza ageuze kitufe mpaka kwenye alama iliyo mfano wa kwato la farasi, aguse waya huu na waya ule.

"Inasema moja," Mama Qais akasoma. "Iko mwisho kabisa, pembeni, peke yake."

"Moja ya pembeni maana yake njia imekatika. Kama sensa ni nzima, tungepata sitini hivi, au mia na kitu. Sasa imekatika wapi? Ndani ya sensa, au kwenye plagi yake? Hilo la kesho. Leo nina maziko kanisani, rafiki yangu wa reli."

Akaacha mita ndani ili asiibebe mazikoni. Bi Asmahani akaamka, akatangaza kwamba ameridhika na heshima ya mzee huyo, kwamba kichochoro kina watu wa kutosha, na kwamba yeye miguu yake haimruhusu kuja kila siku.

Alasiri ilipofika Mama Qais alikuwa hana la kufanya, kama kawaida. Akarudi kuitazama plagi. Sasa huyu ni mwanamke aliyedarizi kofia kwa miaka thelathini na minane kabla vidole havijamsaliti. Tundu la sindano kwake ni dirisha. Akaona mara moja. Pini mbili za shaba humo ndani, moja iko mbele, mwenziwe amerudi nyuma, hafiki. Akatafuta sindano nene, akaisukuma ile pini taratibu mpaka ikalia tik. Akapima. Sitini na nne.

Akarudisha mkanda, akarudisha bati, akawasha. Mashine ikavuta maji, pipa likazunguka kwa upole kulia, likapumzika, likazunguka kushoto. Mama Qais akapiga kigelegele peke yake ndani ya chumba, jambo ambalo mtu wa eda halimpasi, akajiziba mdomo kwa kanga. Alitaka kumwambia mtu. Alifikiria jinsi fundi atakavyofurahi kesho saa nne, atakavyocheka kwamba mwanafunzi wa siku moja amempita, atakavyokunywa kahawa yake na kuchukua kigoda chake na kwenda zake.

Hapo furaha ikamtoka yote. Maana tangu arobaini iishe, ile asubuhi ilikuwa ya kwanza ambayo hakuitazama saa.

Nawaambia, hakupanga kusema uwongo. Alilala na nia ya kusema kweli, akaamka nayo, akachemsha kahawa nayo, akafungua tena bati nayo. Mzee Modest akapiga hodi. "Haya, Mama Qais, tuanze tulipoachia. Pima tena unisomee."

Akapima. Mita ikasema sitini na nne, wazi kabisa. Mdomo wake ukasema, "Moja."

"Bado moja. Hebu irudishie mkanda uiwashe, niisikie."

"Umeme umekatika."

"Mbona redio ya jirani yako inaimba?"

"Ya betri hiyo."

Redio ikaendelea kuimba. "Basi," akasema Mzee Modest, "tuungoje umeme," na akaomba kahawa nyingine.

Wakaungoja. Mzee Modest si mtu wa kukaa kimya. Akamweleza habari ya maziko, na jinsi padri alivyokosea jina la marehemu mara mbili na marehemu alivyokuwa mtu wa kukasirika, laiti angesikia. Akamweleza habari ya mkewe Consolatha, aliyefariki miaka sita iliyopita. "Mpaka leo napika unga wa watu wawili," akasema. "Kila siku nasema leo nitapunguza. Mkono unapima wenyewe. Halafu namkasirikia yeye, eti kwa nini hali."

Mama Qais akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Akamwambia jinsi alivyomwita Humaidi.

"Alikuwa anapenda nini, mzee wako?" fundi akauliza.

Jamani! Watu mia tatu walipita kwenye nyumba ile, wote wakamwambia asubiri, amwombee, amwache apumzike. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza alikuwa anapenda nini. Akamwambia. Alipenda ukoko wa wali. Alipenda kuonja asali kabla ya kuinunua, kwani alikuwa mfanyabiashara wa asali na nta, na akirudi kutoka Ipole alikuwa ananata mpaka kwenye kope. Alipenda kutengeneza vitu vilivyo vizima mpaka viharibike. Alikoroma, akakana, akafa bila kukubali. Umeme uliporudi kwa mujibu wa Mama Qais, ilikuwa karibu adhuhuri, na fundi akasema basi, kesho.

Tangu siku hiyo akawa na ratiba. Saa tatu na nusu anafungua bati na kuchomoa ile plagi ndogo, ili mita iseme moja kwa haki na mashine ikiwashwa ishtuke na kufa mbele ya masikio ya fundi. Saa nne fundi anafika. "Mwangaluka!" anasalimia kwa Kinyamwezi, naye ndani anaitikia, "Mwangaluka!" Fundi akiondoka, plagi inarudi mahali pake, na nguo zinafuliwa. Fundi aliwahi kumuuliza anafuaje siku hizi, akasema kwa mkono, hivyo hivyo na yabisi yake. "Na vidole hivyo!" mzee akasikitika, na keshoye akamletea mafuta ya mnyonyo ya kujichulia. Mama Qais aliyapokea kwenye sinia akajiona mchawi. Lakini kuichomoa plagi hakuacha.

Fundi akajaribu kila njia. Akaleta waya mpya. Akaleta plagi nyingine. Akamfundisha kusafisha ubongo wa mashine kwa mswaki mkavu. Katikati ya kazi walitaniana. "Babu zangu walibeba mizigo ya babu zenu Waarabu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, kwa miguu, miezi mitatu," akasema siku moja. "Na mimi mjukuu wao bado napitisha mizigo chini ya pazia lenu. Sisi hatutui?"

"Mngetua vipi na mlipenda mno habari za njiani?" Mama Qais akamjibu. "Mzigo wa miezi mitatu nyie mlifikisha kwa minane, kwa kupiga soga."

Mzee alicheka hadi mwenye mkokoteni aliyekuwa anapita akasimama kuuliza kulikoni.

Siku ya tisa fundi hakuja. Alikuwa ameaga: kule Igunga kuna nyumba ya wageni yenye mashine kama hii, imekufa kwa kutu, na mwenyewe amekubali ikatwe sensa. Angepanda basi la alfajiri. Mama Qais alimwambia usiende, safari ndefu, mwili wako, jua. Alimwambia kila sababu isipokuwa ile ya kweli. Kutwa nzima alikaa mbele ya pazia na hakuna aliyepiga hodi. Alipika ndizi hakula. Alimpigia Qais, Qais akasema atampigia baadaye. Jioni alikuwa amejichukia kiasi kwamba alisema kwa sauti, "Kesho namwambia," na nyumba yote ikamsikia.

Keshoye sinia likapita chini ya pazia na sensa juu yake, imefungwa kwenye gazeti, na vumbi la barabara ya Igunga bado limo kwenye mikunjo. Mzee Modest alikuwa na furaha ya mtoto. "Hiyo nimeipima mwenyewe huko huko, mama, kwa mita ya kuazima. Sitini na mbili. Hiyo ni dawa, si majaribio. Ifunge tumalize."

Tumalize. Neno hilo ndilo lililomharibu Mama Qais. Akagonga bisibisi kwenye bati ili isikike kana kwamba anafungua. Akakwaruza kwaruza. Sensa ya Igunga ilibaki kwenye gazeti lake. Akangoja muda wa kutosha, halafu akasema, "Inasema moja."

Kigoda kikasikika kinasogea karibu.

"Rudia."

"Moja."

"Umeshika ncha za shaba, si za plastiki?"

"Za shaba."

Sauti ya mzee ikawa ndogo, ya mtu mwingine kabisa. "Niliipima jana, ikanisomea sitini na mbili. Niliiona kwa macho yangu. Au sikuiona?" Akakohoa. "Miaka arobaini na mbili nashika mota, Mama Qais. Kidude kadiri ya kizibo."

"Si kosa lako, mzee."

"Ni la nani basi? Tuko wawili tu hapa."

Aliondoka bila kumaliza kahawa. Siku mbili hakuonekana, na simu yake haikupokewa.

Siku ya tatu alikuja mapema, saa tatu kasoro, kabla plagi haijachomolewa. Hakukaa, Mama Qais hakusikia kigoda.

"Nimekuja kuaga na kuchukua mita yangu," akasema. "Binti yangu Advera yuko Ipole, wana mizinga yao, kila siku ananiita nikapumzike. Nilikuwa nakataa. Sasa nimemwambia nakuja, kwa sababu akili imeniishia. Fundi akishindwa na sensa, akasafiri mpaka Igunga akaleta sensa mbovu akidhani nzima, huyo atamuunguza mtu siku moja. Vifaa vyote nimempa Benjamini, yule wa redio pale sokoni. Anavichukua leo saa nne. Mita hii nayo ni yake. Nipitishie kwenye sinia, mama."

Mama Qais alikuwa ameishika mita mkononi. Alijua mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, akiipitisha na kunyamaza, mzee huyu ataondoka bado anamheshimu yeye Fakhria, hatajua kamwe, na wataagana vizuri. Ila atakwenda Ipole kukaa kati ya mizinga akiamini kwamba amekwisha. La pili, akisema, hatarudi tena kwenye pazia hili. Njia zote mbili zilimwacha peke yake. Ila moja ilimwacha mzee na kazi yake.

"Subiri," akasema.

Akachomeka mashine ukutani, akabonyeza. Maji yakaingia. Pipa likazunguka kwa upole kulia, likapumzika, likazunguka kushoto. Akaipeleka kwenye kukamua, na mota ikaanza kupanda sauti, taratibu, hatua kwa hatua, bila kusita, mpaka chumba chote kikawa kinavuma.

Nje fundi alisogea karibu na pazia. Alisikiliza kwa muda, na mdomo wake ukafanya kazi yake wenyewe, kwa mazoea. "Mkanda mzima. Beringi nzima. Mwendo unapanda unavyotakiwa." Halafu akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, alasiri. Pini ilikuwa imerudi nyuma kwenye plagi. Niliisukuma kwa sindano."

"Siku ya kwanza."

"Ulisema aidha sensa, aidha plagi. Ilikuwa plagi. Ulipatia, mzee. Ulipatia tangu mwanzo."

"Nilikwenda Igunga."

"Najua."

"Nilimwambia mwanangu nimekwisha."

"Najua. Ndiyo maana nasema." Mama Qais alikuwa analia sasa na hakujificha, maana aliyekuwa nje hamwoni. "Nisamehe. Sijui niseme nini kingine."

"Lakini kwa nini?" Hasira ilikuwa inampanda, ilisikika, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Ikipona, huji."

Mashine ikavuma kati yao. Mzee Modest akavuta pumzi. "Sasa si ungesema tu!" akasema, na akapiga ukuta kwa kiganja. "Ungesema, Mama Qais, ningekuja! Ningekuja hata bila mashine!"

"Ungekuja kufanya nini?"

Alifungua mdomo kujibu. Mama Qais aliusikia ule mwanzo wa neno. Kabla halijatoka, baiskeli ikapunguza mwendo kichochoroni, na sauti ya yule mwenye mkokoteni, leo kwa baiskeli, ikauliza kwa utani, "Mzee Modest! Bado tu hiyo mashine?"

Mashine ilikuwa inanguruma mtaa mzima unasikia.

"Imepona," akasema Mzee Modest.

"Alhamdulillahi," akasema mwenye baiskeli, akaenda zake.

Swali la Mama Qais lilibaki pale lilipokuwa, na wote wawili walijua jibu lake, kwamba mwanamume hawezi kuweka kigoda kichochoroni mbele ya pazia la mjane wa eda na kumwambia kila apitaye kwamba amekuja kuzungumza. Mashine ikamaliza kukamua, ikashuka sauti, ikazima. Mama Qais akaweka mita kwenye sinia, na sensa ya Igunga pembeni yake ndani ya gazeti, akalisukuma sinia chini ya pazia. Likavutwa.

"Saa tatu na nusu hii," akasema Mama Qais. "Benjamini atakuwa hajafika."

"Hajafika." Mzee hakuondoka. Alisimama akaichezea mita, kitufe kikawa kinalia tak, tak. Hasira ilikuwa imekwisha katika sauti yake. Akakohoa, na aliposema alisema polepole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango na kumngoja apite. "Mashine hizi, unajua, si za kuaminika. Pini ikishalegea mara moja, inaweza kulegea tena. Wakati wowote. Ikisumbua tena, niite siku hiyo hiyo."

Mama Qais alimwelewa, kila neno. Ilikuwa rahisi sana. Hata uwongo usingekuwa wake peke yake safari hii. Akaweka kiganja kwenye pazia, mahali alipodhani sauti inatokea, akafikiria Igunga, na basi la alfajiri, na ile sauti ndogo iliyouliza au sikuiona.

"Haitasumbua," akasema. "Umeitengeneza vizuri, fundi."

Halafu akasikia nyayo, kwanza taratibu, kisha za haraka, nyayo za mtu anayewahi vifaa vyake kabla havijachukuliwa, na Mama Qais akabaki amesimama pale, analia na kumwomba Mungu amfikishe mapema.